Kompyuta ya michezo kwa kijana: feza kidogo, mitego mingi

Kila mwaka, mwezi wa saba, buletini za shule zinapotolewa, katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Lubumbashi mzazi anakumbushwa ahadi aliyoitoa mwezi wa tisa. Alisema: ukileta 70 kwa mia, nitakununulia mashine. Sasa mtoto ameleta 72. Tena hataki mashine yoyote tu, anataka ya kuchezea. Ametaja Fortnite, GTA, FC. Papa anajua jina moja tu katika hayo, na hilo analijua kwa sababu lilipoitwa FIFA yeye mwenyewe alilicheza kwenye PlayStation ya jirani.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Feza iliyowekwa pembeni ni dola 250, pengine 300, na ni feza ambayo ingeweza kulipa muhula mzima wa mdogo wake. Dukani kuna sanduku leusi lenye taa za rangi nyekundu na buluu, limeandikwa «Gaming» ubavuni. Pembeni yake kuna sanduku la kijivu la Dell lililotoka katika ofisi fulani ya Ulaya, halina taa hata moja. Wazazi wengi huchukua lile lenye taa. Mara nyingi sana wanakuwa wamekosea.

Inafaa kwanza kujua mashine hizi zinatoka wapi. Kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji ya mashariki si mpya. Kampuni na ofisi za serikali za Ulaya na Marekani hubadilisha vifaa vyao kila baada ya miaka michache, na vile vya zamani huuzwa kwa wingi. Vingi hupita Dubai, ambako wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kwenda kununua bidhaa za kila namna kwa miaka mingi. Vingine vinapitia Kampala na kuingia kwa Kasindi, ao vinatokea kusini na kuingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa. Hiyo si takataka. Dell OptiPlex, HP EliteDesk ao Lenovo ThinkCentre ilitengenezwa ili iwake saa nane kwa siku, miaka mitano bila kusimama. Baada ya hapo bado ina nguvu ya kuchezesha michezo mingi, ikiongezewa kitu kimoja ambacho ofisi haikukihitaji: kadi ya grafiki.

Lakini kabla ya kuzungumza juu ya kadi, mzazi amwulize mtoto swali moja, tena amwulize nyumbani, siyo mbele ya muuzaji: unataka kucheza mchezo gani hasa?

Jibu linabadilisha bei yote. Kijana wa PES 2017, Minecraft na Roblox anaweza kuridhika na kompyuta ya kawaida ya ofisi, bila kadi yoyote, akishusha ubora wa picha. League of Legends nayo haidai mengi. Fortnite inawaka kwenye mashine dhaifu, ila ili isikwamekwame inahitaji kadi. GTA V, ambayo ilifika kwenye kompyuta mwaka 2015, inachezeka vizuri na kadi ya miaka hiyo hiyo. Shida iko kwa mpira wa kisasa. Kampuni ya EA yenyewe iliandika kwamba FC 25 inahitaji angalau processa ya Core i5-6600K, RAM ya giga 8, kadi ya GTX 1050 Ti na nafasi ya giga 100 kwenye diski. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Anayetaka mpira bila gharama hizo ana eFootball, ambayo ni ya bure na ni nyepesi zaidi.

Na kuna wale wanaodai kompyuta kwa ajili ya GTA 6. Mchezo huo umetangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series peke yake, tarehe ya kutoka ikiwa 19 Novemba 2026. Kwa kompyuta hakuna tarehe iliyotangazwa. Mtoto anayesema kwamba mashine ya dola 300 itaucheza, ao hajui, ao anajua sana.

Swali la pili ni la umeme, na hapa mashauri yanayotolewa kwenye video za YouTube za Marekani hayamsaidii sana mtu wa Kadutu ao wa Katuba. Kule hakuna anayefikiria delestaji. Bukavu inategemea mitambo ya Ruzizi, Goma ina SNEL na Virunga Energies, Lubumbashi inagawana umeme na migodi. Kila mji una namna yake ya kukatiwa. Ubaya mkubwa wa umeme si kukatika tu, bali kurudi: unarudi na nguvu nyingi, ao unabaki dhaifu hadi balbu inakuwa na rangi ya machungwa. Kompyuta ya mezani haina batri. Umeme ukikatika katikati ya mchezo inazimika papo hapo, na ikizimwa hivyo mara nyingi, diski inaanza kuharibika na Windows inakataa kuwaka.

Kwa hiyo watu wengi hukimbilia laptopu. Ni mawazo mazuri kwa masomo, lakini kwa michezo ni nusu ya jibu. Laptopu ya kawaida ya ofisi, kama ThinkPad T480, haina kadi ya grafiki ya nguvu. Inafaa kwa kuandika, kwa filamu na kwa PES ya zamani. Laptopu ya michezo ya kweli ina kadi, lakini chaja yake ni ya wati 130, 180 ao zaidi, na ikiachwa kwenye batri inapunguza nguvu na kumaliza chaji katika muda wa saa moja hivi. Halafu kuna joto. Laptopu ya michezo iliyotumika miaka minne mikononi mwa kijana mwingine huko Ulaya imepikwa. Kadi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye plate ya ndani. Ikifa, mashine yote imekufa. Kwa dola 300, laptopu ya michezo iliyo nzima ni bahati nasibu. Kompyuta ya mezani ina faida moja ambayo fundi yeyote wa mtaa ataithibitisha: kila kipande kinatoka peke yake na kinarudishwa peke yake.

Basi mwenye kuchagua ya mezani aweke katika hesabu yake, tangu siku ya kwanza, kifaa cha kulinda umeme. Hapa watu huchanganya vitu viwili. Stabilizateri inasawazisha umeme unaoingia lakini haina batri. Umeme ukikatika, nayo imezimika. Onduleri ina batri. Ile ndogo ya 650 VA haitamfanya kijana aendelee kucheza, inampa dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa utaratibu. Hizo dakika ndizo zinazookoa diski. Kompyuta ya ofisi iliyowekewa kadi ndogo hutumia takriban wati 120 hadi 150 wakati wa mchezo, na ekra huongeza wati 20 hadi 30. Familia inayoishi kwa paneli ya jua ifanye hesabu hiyo kwanza, maana kijana anayecheza saa nne jioni anaweza kuiacha nyumba nzima gizani.

Jambo dogo lakini limekwisha kuunguza mashine: baadhi ya kompyuta za zamani kutoka Marekani zina swichi nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Umeme wetu ni 220. Swichi iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo moshi utatoka kabla ya salamu.

Sasa processa. Wauzaji wanapenda kusema «hii ni i7» na kunyamaza. Neno i7 peke yake halisemi kitu. Kinachohesabika ni namba inayofuata. Katika i5-6500, tarakimu 6 inaonyesha kizazi cha sita. Katika i5-8500 ni kizazi cha nane, na katika i5-10400 ni cha kumi. i7-2600 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011, na i5-8500 ya mwaka 2018 inaiacha mbali ijapokuwa inaitwa i5. Kwa laptopu mtego ni mkali zaidi kwa sababu ya herufi ya mwisho. i7-6600U ina viini viwili tu, wakati i5-6500 ya mezani ina vinne. Herufi U maana yake ni kwamba ilitengenezwa ili kubana chaji, siyo kukimbia.

Kwa mwenye feza kidogo, kizazi cha sita ndicho mlango. Kizazi cha nane ni bora, na sababu si kasi tu. Microsoft ilisimamisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inakubali processa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Ndiyo, kila fundi anajua namna ya kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani. Inaingia na inafanya kazi. Lakini michezo kama Valorant, kwenye Windows 11, inakagua ulinzi uliomo ndani ya mashine na inaweza kukataa kufunguka. Mtoto wa Valorant asinunuliwe kizazi cha nne kwa sababu tu ni rahisi.

Kadi ya grafiki ndiyo moyo wa jambo lote, na ndipo feza nyingi hupotea. Zipo zenye nguvu na za bei nzuri, kama RX 580. Tatizo ni kwamba ile inakula wati 185 peke yake, wakati kompyuta ndogo ya ofisi, ile nyembamba inayolazwa chini ya ekra, ina sanduku la umeme la wati 180 hadi 260 kwa vipande vyote pamoja. Mzazi ananunua kadi kubwa kwa furaha, anafika nyumbani, haiingii. Ao inaingia, na kompyuta inajizima kila mpira unapokaribia goli.

Zinazofaa ni zile zinazokula wati 75 ao chini, maana hizo huchukua umeme kutoka kwenye plate bila waya wa ziada: GTX 1050 Ti na GTX 1650, zote zenye giga 4, zikiwa katika muundo usio na tundu la waya. Kwa sanduku jembamba inatakiwa kadi fupi, ile ya nusu kimo; kadi ya kawaida haitaingia hata ikisukumwa. Ndiyo maana ni afadhali kuchagua sanduku refu, la mnara, hata kama si zuri machoni. GT 1030 inauzwa sana kwa sababu ni ndogo na ya bei ya chini. Inatosha kwa michezo myepesi, lakini kuna aina mbili, ya GDDR5 na ya DDR4, na hiyo ya pili ni dhaifu kwa kiasi kikubwa ingawa sanduku linafanana.

Halafu kuna kadi za uongo. Mtu huko mbali anachukua kadi ya zamani sana, kama GTX 550 Ti ya mwaka 2011, anabadilisha programu yake ya ndani ili kompyuta iisome kama GTX 1050 Ti, anaipaka rangi na kuiuza. Windows itaonyesha jina unalotaka kuliona. Programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z inazitambua nyingi za aina hiyo na kuandika wazi kwamba ni feki. Ibebwe kwenye kifunguo cha USB siku ya kwenda dukani.

Kuna njia nyingine isiyohitaji kadi kabisa: processa ya AMD yenye picha ndani yake. Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021, inachezesha Fortnite na GTA V kwa ubora wa chini bila kadi yoyote, na inakula umeme kidogo. Ikipatikana ndani ya bajeti ni chaguo la akili. Sharti lake ni RAM mbili, siyo moja: vipande viwili vya giga 8 vinakimbia kwa kasi kubwa kuliko kimoja cha giga 16, kwa sababu picha zinatumia RAM hiyo hiyo.

Juu ya RAM, giga 8 ndiyo chini na 16 ndiyo raha. DDR3 na DDR4 haziingiliani, kwa hiyo kipande kilichobaki kwa mjomba kisihesabiwe kabla ya kuangaliwa. Tangu mwisho wa 2025 bei yake imepanda sana duniani kote, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya akili bandia. Anayepata mashine yenye giga 16 tayari ndani asisitesite. Diski iwe SSD ya giga 500 kama inawezekana. Ya 256 itajazwa na michezo miwili mikubwa.

Dukani, mzazi asiridhike na kuona nembo ya Windows. Abonye Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aangalie ukurasa wa utendaji: pale pameandikwa processa, RAM na kadi. Nembo iliyobandikwa mbele ya sanduku huwa haisemi kweli kila mara, ila ukurasa ule kwa kawaida unasema. CrystalDiskInfo, nayo ya bure, inaonyesha afya ya diski. Kisha kijana acheze, siyo dakika mbili, bali nusu saa kamili. Kadi mbovu haijifichi muda mrefu: madoa ya rangi, picha kuganda, kelele ya feni kama ya pikipiki, ao kuzimika. Muuzaji anayekataa jaribio la nusu saa kwa kusema kuna delestaji aambiwe kwamba mteja atarudi umeme ukirudi.

Tuseme basi feza ni dola 300. Mgawo wenye akili unakaribia hivi: nusu kwa sanduku la mnara lenye i5 ya kizazi cha sita ao zaidi, RAM na SSD, robo kwa kadi, robo iliyobaki kwa ekra ya mtumba, onduleri ndogo, klavie na suri. Bei hutofautiana kati ya mji na mji, na forodha nayo ina neno lake, kwa hiyo ni vizuri kupita maduka matatu kabla ya kutoa hata dola. Ikiwa feza haitoshi, kadi ndiyo isubiri. Sanduku zuri bila kadi litaongezewa siku nyingine. Kadi nzuri katika sanduku bovu ni hasara mara mbili. Onduleri isisubiri.

Kuna mama atakayeuliza kwa nini asinunue PlayStation 4 ya mtumba, mambo yaishe. Ni swali la haki. Kwa mpira peke yake, PS4 ni rahisi na haina usumbufu wa kadi wala kizazi. Lakini haiandiki TFC ya dada mkubwa, haifungui kozi ya informatiki, haimsaidii finaliste anayejiandaa kwa mtihani wa Serikali. Kompyuta inaweza kuwa ya nyumba nzima, na heri ikae sebuleni, ambako kila mtu anaona kinachochezwa. GTA V imewekewa alama ya miaka 18 huko Ulaya, Fortnite 12, michezo ya mpira 3. Wazazi wengi hawajui hivyo, na watoto hawana haraka ya kuwaambia. Zaidi ya hayo, kijana aliyezoea kulipa mechi moja moja katika sali ya michezo, wakati mwingine kwa feza ya tiketi ya taksi, anarudi kucheza mahali ambapo anaonekana.

Intaneti nayo ni gharama isiyoandikwa kwenye faktura. Mchezo mmoja unaweza kunyonya giga 100, na hakuna anayenunua mega kiasi hicho kwa simu. Tangu 2023 Steam inaruhusu kuhamisha mchezo kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao wa ndani, bila kuushusha upya. Rafiki mmoja mwenye Wi-Fi nzuri anaweza kulisha kartie nzima. Michezo iliyovunjwa kufuli inayouzwa kwenye diski za nje ni ya bei ya chini, ila mara nyingi inakuja na virusi, na virusi vitaanza na TFC ya dada.

Kwa klavie, mashine zinazotoka Dubai ao Kampala ni za QWERTY, wakati mtoto shuleni amezoea AZERTY. Asihangaike: W, A, S na D anazoziona kwenye video ziko mahali pale pale pa Z, Q, S na D. Vidole havitaona tofauti, ni mwalimu wa informatiki atakayelalamika.

Goma kuna kazi moja ya ziada. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linaingia kila mahali, na feni ya kompyuta inalivuta mchana kutwa. Sanduku lifunguliwe kila baada ya miezi miwili ao mitatu, lipulizwe, na lisiwekwe chini sakafuni.

Siku ya kulipa, noti za dola zikaguliwe mapema nyumbani, kwa sababu noti yenye mpasuko mdogo itarudishwa na bei iliyokubaliwa itaanza kuzungumzwa upya. Wengi Goma na Bukavu sasa hulipa kwa simu, tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, na hapo gharama ya kutoa feza ikubaliwe kabla: ni ya nani? Faktura iandikwe namba ya mashine, ile iliyobandikwa nyuma ya sanduku, na aina ya kadi kwa jina lake lote, siyo «carte graphique 4 giga». Na siku za garanti ziandikwe kwa kalamu, hata zikiwa saba tu. Katika siku hizo saba kijana acheze sana. Ni wiki moja ambayo hakuna mzazi anayepaswa kumwambia azime.